Mafundi wa Zwickau Warudi Darasani

Gari la mwisho la petroli kuunganishwa na Volkswagen mjini Zwickau lilikuwa Golf jeupe, na lilitoka kiwandani tarehe 26 Juni 2020. Tangu siku hiyo kiwanda hicho, kilichopo Mosel, kaskazini mwa mji, hakijatoa tena gari lenye ekzosi. Wafanyakazi wapatao 8,000 waliozoea injini, giaboksi na tangi la mafuta walipelekwa darasani kundi baada ya kundi, huku wenzao wakiendelea na zamu.

Habari hizo nilizifuatilia nikiwa Dar es Salaam, kipindi ambacho mafundi wa gereji za Ilala walikuwa wanapokea magari ya haibridi kutoka Japani na kubishana ni nani athubutu kuigusa ile betri iliyofichwa nyuma ya kiti. Wengine walijaribu hivyo hivyo, kwa kuuliza YouTube na kumwomba Mungu. Nikasema, nikipata safari ya Ujerumani kwa shughuli yoyote ile, lazima nifike huko nione mtu mzima anavyofundishwa kazi upya bila mshahara wake wa mwezi kukatika. Safari ikapatikana, mwezi wa kumi, baridi imeshaanza kung'ata.

Kutoka Leipzig treni inapita Altenburg, inasimama vituo vidogo ambavyo hapandi mtu wala hashuki mtu, kisha inakufikisha Zwickau, mji wa jimbo la Sachsen usiofikisha watu laki moja, si mbali na mpaka wa Cheki. Mtunzi wa muziki Robert Schumann alizaliwa hapa mwaka 1810 na sanamu yake imekaa sokoni. Nilimpita. Mwenyeji wangu, kijana wa Mbeya anayesoma uhandisi wa magari katika chuo kikuu cha mji huo, alinipokea kwa shikamoo ya nguvu iliyowageuza watu wawili watatu pale stesheni, akaninyang'anya begi, na kabla hatujafika popote akataka nione reli.

"Mzee, hii huwezi kuiona kwetu," alisema.

Kweli sikuwahi kuiona. Katikati ya mji, juu ya lami ya mtaa wa kawaida, kuna vyuma vitatu badala ya viwili. Tramu za Zwickau zinatumia reli ya upana wa mita moja, kipimo kilekile Wajerumani walichojengea Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Treni za dizeli zinazotoka upande wa Vogtland zinatumia milimita 1,435, kipimo cha reli yetu mpya, SGR. Mwaka 1999 zote zilianza kupita mtaa mmoja: chuma kimoja zinatumia kwa pamoja, na cha pili kila moja ina chake. Sisi tulipojenga reli mpya tuliilaza kando ya ile ya zamani, na hatukukosea, kwa sababu mizigo yetu na mwendo wetu ni mwingine. Lakini nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyostahili, hadi tramu ikatupigia kengele.

Magari yanatengenezwa Zwickau tangu 1904, August Horch alipohamishia kiwanda chake huko. Miaka mitano baadaye akagombana na wenzake, akatoka, akaanzisha kampuni ya pili mji uleule, nayo ndiyo Audi. Jengo la Audi ya kwanza leo ni makumbusho yenye jina la Horch, na ndani yake kuna magari ya kifahari ya miaka ya 1930 ambayo sikuyatazama kwa makini. Nilichokifuata ni Trabant.

Trabant lilikuwa gari la wananchi wa Ujerumani Mashariki. Lilitengenezwa Zwickau kuanzia 1957 hadi tarehe 30 Aprili 1991, zaidi ya magari milioni 3. Injini yake ilikuwa ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya petroli na oili, na moshi wake wa bluu ulijulikana mtaa mzima. Kubwa zaidi, bodi yake haikuwa ya bati. Bamba za chuma zilikuwa adimu katika nchi ile, kwa hiyo wahandisi walichukua mabaki ya pamba kutoka Muungano wa Kisovieti, wakayalowesha kwa resini, wakayaweka kwenye mashine ya joto na kuyakandamiza hadi yakawa mlango, au bawa la tairi. Makumbusho yanaonyesha hatua zote. Mzee mstaafu aliyekuwa akituelekeza, ambaye naye aliwahi kufanya kazi kwenye Trabant, aliniruhusu kushika kipande ambacho hakijakandamizwa. Laini kabisa, cha kijivu, kinamomonyoka kwenye vidole. Kisha akanipa kipande kilichopikwa, nikakigonga kwa kucha. Kigumu, hakipati kutu. Wala hakiozi, alisema, na hilo likawa tatizo baada ya 1991, magari yalipotupwa kwa maelfu na hakuna aliyejua bodi zake zipelekwe wapi.

Mzee huyu alikuwa na jambo lake, na ndilo lililonifanya nielewe mambo niliyoyaona baadaye. Sisi tunaosoma habari kwa mbali tunadhani Zwickau ilirudi darasani mara moja, kwa ajili ya umeme. Kwa hesabu yake, umeme ulikuwa mara ya pili, na ile mara ya kwanza watu hawaizungumzi kwa furaha.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, wateja walioisubiri Trabant kwa zaidi ya miaka kumi waliacha kuitaka ndani ya miezi michache tu. Mtu angeweza kununua gari lililotumika kutoka Magharibi, la chuma, lenye injini ya maana. Kiwanda kikafa. Bahati ya mji ilikuwa na jina: Carl Hahn, mwenyekiti wa Volkswagen wakati huo, alikuwa mzaliwa wa Chemnitz, mji wa jirani. Tarehe 21 Mei 1990, kabla hata Ujerumani mbili hazijaungana, Polo la kwanza liliunganishwa Mosel, na kiwanda kipya kikafuata. Waliochukuliwa huko walijifunza upya, wakabaki na kazi. Kwa wengine kazi haikuwapo, kilichokuwapo ni kozi. Serikali ilimwaga fedha nyingi mashariki kwenye mafunzo ya kubadili fani: kompyuta, uhasibu, uuzaji, utunzaji wa wazee. Mzee alinyoosha vidole akawa anataja vyeti vya jirani yake, kimoja baada ya kingine, akaishiwa vidole vya mkono mmoja. Jirani hakupata kuajiriwa na hata kimoja.

Nilimuuliza pia kuhusu Waafrika, maana nilijua kidogo. Mwaka 1979 Msumbiji na Ujerumani Mashariki zilitiliana saini mkataba, na maelfu ya vijana wa Msumbiji wakaja kufanya kazi viwandani huku. Waliahidiwa ufundi. Wengi waliishia kwenye kazi ya kurudia tendo lilelile kutwa nzima, na sehemu ya mishahara yao ilikatwa kwa ahadi kwamba watalipwa wakifika kwao. Walirudishwa kwa wingi mwaka 1990, na fedha hizo wengi hawakuziona. Wameandamana Maputo miaka nenda rudi. Mzee aliwakumbuka. Alisema walikuwa vijana wachapakazi na wacheza mpira wazuri, halafu akanyamaza, akaenda kuwahudumia wageni wengine.

Kwa Mzanzibari picha ya Ujerumani Mashariki ni tofauti: ni wataalamu waliokuja baada ya Mapinduzi ya 1964, ni nyumba za Kikwajuni, ni zile fleti ndefu za Michenzani. Kwenye vitongoji vya Zwickau nilikuta majengo ya ukoo huohuo. Yamepakwa rangi nzuri na kuongezwa vibaraza, lakini ukiangalia madirisha unayatambua.

Siku iliyofuata kijana wa Mbeya alinipeleka kwenye karakana ya chuo kimoja cha ufundi kilichokuwa kimefungua milango kwa wageni. Nilitarajia kuona vijana. Walikuwapo, lakini kwenye kona ya mbali palikuwa na kundi la watu wazima, wanaume wanane na wanawake wawili, wamezunguka gari la umeme lililofunguliwa boneti. Mmoja wao, mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye masharubu meupe, ndiye aliyekuwa na zamu. Maisha yake yote ya kazi ameyatumia kwenye kiwanda kidogo kinachouzia makampuni makubwa vipuri vya ekzosi. Gari la umeme halina ekzosi. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia maana yake.

Zoezi lilikuwa moja tu: kulizima gari ili liweze kuguswa. Ukiangalia kwa juu unaona ni jambo la dakika tatu, lakini lilichukua karibu nusu saa, na mimi sikuchoka kuangalia.

Alianza kwa kuvua saa na pete ya ndoa, akaviweka kwenye kisahani. Pete ilikuwa imebana, ikabidi aizungushe. Kisha akachukua glovu nene za mpira zilizoandikwa volti 1,000. Hakuzivaa. Aliikunja ya kwanza kuanzia mdomoni, akiiviringisha hadi hewa ikajaa vidoleni na glovu ikavimba kama ndizi bokoboko, akaisogeza shavuni, akafumba macho kidogo kusikiliza kama kuna hewa inayotoka. Akarudia na ya pili. Tundu la sindano tu linatosha kukuua, mwalimu alitueleza sisi wageni: betri za magari kama haya zina volti 400 hivi, za mkondo ulionyooka, na zinafika kokote nyaya nene za rangi ya machungwa zinakofika.

Akazima gari, ufunguo akaupeleka mbali, kwenye meza ya upande wa pili wa karakana. Akachomoa plagi ya usalama chini ya boneti, akatia kufuli mahali pake ili asitokee mtu wa kuirudisha, akafunga, na ufunguo wa kufuli akautia mfukoni mwake mwenyewe. Hakumpa mwalimu wala hakuuweka mezani, kwa sababu anayeingiza mikono ndiye anayekaa na ufunguo. Akatundika kibao cha onyo kwenye usukani. Wakasubiri, maana hata baada ya kuzimwa, umeme unabaki kwa muda kwenye vifaa vya ndani. Hakuna aliyezungumza. Halafu akachukua kipimo, akakijaribu kwanza kwenye chanzo anachojua kina umeme, kikawaka. Akapima gari: sifuri. Akapima upande wa pili: sifuri. Akageuka kumtazama mwalimu akijua amemaliza.

Mwalimu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alikunja mikono tu. Hakusema neno. Mzee akaangalia gari, akaangalia kibao, akapapasa mfuko, ufunguo upo. Sekunde zikapita. Mwanamke mmoja kwenye kundi alitaka kumnong'oneza, mwalimu akamzuia kwa jicho. Ndipo mzee akapiga paji la uso, akarudi na kipimo kwenye kile chanzo cha kwanza, akakijaribu tena. Kikawaka. Maana sifuri peke yake haikuambii kitu. Huenda kipimo chenyewe kimekufa katikati ya kazi. Kundi zima likapiga makofi, naye akacheka akiwa mwekundu hadi masikioni.

Baadaye, tukinywa kahawa, nilimuuliza kwa kupitia tafsiri ya kijana wangu kama kusoma uzeeni kunamsumbua. Alijibu kwamba mikono haina shida, inajua kazi. Kinachomchosha ni kukaa kwenye kiti. Tangu amalize shule akiwa na miaka kumi na sita hakuwahi kukaa kwenye kiti saa nne mfululizo.

Kuna jambo wageni wengi hulipita haraka wanapoandika kuhusu mambo haya. Wanaona karakana nzuri, wanadhani siri ni vifaa. Vifaa vipo, sikatai. Lakini chuo kile na viwanda vinavyokizunguka havikufahamiana kwa sababu ya gari la umeme. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya Ujerumani ni ya mwaka 1969, na mazoea yenyewe ni ya kale zaidi. Mwanagenzi ana mkataba na kampuni, kampuni inamlipa, na wiki yake inagawanywa: siku nyingine kazini, siku nyingine shuleni. Fundi wa magari anakaa miaka mitatu na nusu hivyo. Kinachofundishwa kinakubaliwa mezani na waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali kwa pamoja. Ndiyo maana mwaka 2003 fani ya makanika wa magari na fani ya fundi umeme wa magari ziliunganishwa kuwa moja, na mwaka 2013 likaongezwa tawi la umeme wa volti kubwa, miaka sita kabla gari la kwanza la umeme la familia ya ID ya Volkswagen halijatoka Mosel. Mtaala ulitangulia, gari likafuata. Kwetu mara nyingi gari linashuka bandarini, linaharibika, linapelekwa gereji, na mtaala haujasikia habari.

Mosel tulikwenda kwa treni ndogo, kisha tukaungana na kundi la watalii wanaotembezwa kiwandani. Simu zinakusanywa mlangoni. Niliyoyaona ndani yanafanana na yanayoonyeshwa kwenye video: roboti za rangi ya machungwa zikichomelea bodi, cheche, watu wachache. Kilichonishangaza ni sehemu ambayo bodi inashuka kutoka juu na kukutana na betri na mota zilizotangulia chini. Mafundi wa magari wa Ujerumani wanaiita harusi. Betri kubwa ya magari haya inakaribia nusu tani, na inaingia mahali pake kwa usahihi wa kutisha, bisibisi za mashine zinafunga skrubu zote kwa mpigo, na fundi aliyesimama pembeni anatazama kioo cha kompyuta. Tulipopita alikuwa anapiga miayo.

Kijana wa Mbeya alinieleza kwamba kazi ya fundi yule imebadilika kuliko inavyoonekana. Zamani kama kitu hakikukaa sawa, angesikia au angehisi mkononi. Sasa anasoma. Programu inamwambia skrubu ya kumi na moja haikufika nguvu inayotakiwa, na yeye anatakiwa aamini, au ajue lini asiamini.

Hapo ndipo nilipokumbuka hesabu ya Volkswagen wenyewe. Katika kuigeuza Zwickau, kampuni ilitangaza siku za mafunzo zipatazo 20,500. Idadi inatisha hadi uigawanye kwa watu 8,000. Unapata siku mbili na nusu kwa kila mtu. Kwa kweli haikugawanywa sawa: mafundi umeme na watu wa matengenezo walikaa darasani muda mrefu zaidi, na wale wa kufunga viti na milango walipata utangulizi wa gari la umeme na usalama wake wakarudi kwenye laini. Sisemi hili kuwakejeli. Linanionyesha kwamba mtu wa kawaida pale hakuwa amefundishwa fani mpya. Alikuwa ameonyeshwa jinsi ya kufanya kazi yake ya jana karibu na kitu kinachoweza kumuua. Mabadiliko makubwa yalibebwa na kundi dogo. Na kundi hilo dogo lilikuwepo tayari kwa sababu ya ile miaka mitatu na nusu ya uanagenzi.

ID.3 ya kwanza ilitoka kwenye laini tarehe 4 Novemba 2019, Kansela Angela Merkel akiwa amesimama hapo. Kampuni ilikuwa imewekeza euro bilioni 1.2. Kiwanda kikasifiwa kuwa ndicho cha kwanza cha kampuni kubwa kuhama mafuta kabisa, na uwezo wake ukatajwa kuwa magari 330,000 kwa mwaka.

Halafu soko likafanya mambo yake. Desemba 2023 serikali ya Ujerumani ilikata ghafla ruzuku kwa wanunuzi wa magari ya umeme, mwisho wa wiki ukaingia ipo, ukatoka haipo. Miezi michache kabla ya hapo Zwickau ilikuwa imeshatangaza kwamba wafanyakazi 269 wa mikataba ya muda hawataongezewa. Desemba 2024, baada ya migomo ambayo wafanyakazi wa Zwickau walikuwa mstari wa mbele, Volkswagen na chama cha wafanyakazi cha IG Metall walifikia mapatano: nafasi za kazi zaidi ya 35,000 kupunguzwa Ujerumani ifikapo 2030, bila kufukuza mtu kwa lazima. Kwa Zwickau ikaamuliwa kwamba magari ya ID.3 na Cupra Born yahamie Wolfsburg, ID.4 ibaki kiwanda cha Emden, na kuanzia 2027 Mosel ibakiwe na Audi Q4 e-tron kwenye laini moja, pamoja na kazi mpya ya kubomoa magari yaliyochakaa na kurejesha malighafi.

Kwa maneno mengine, kiwanda kilichojifunza mapema kuliko vyote ndicho kilichonyang'anywa magari. Wolfsburg ni makao makuu, na makao makuu yana kura nyingi. Jioni tulipokuwa tunakula döner karibu na soko, muuzaji, Mturuki aliyezaliwa Sachsen, alituambia kwamba watu wa Mosel bado wananunua, ila sasa wanauliza bei kwanza.

Yule mzee wa masharubu meupe, hata hivyo, hakuwa na hofu niliyoitarajia, na sababu yake ni ya fedha. Tangu Aprili 2024 kuna sheria inayomruhusu mwajiri ambaye kazi zake zinageuzwa na teknolojia kumpeleka mfanyakazi mafunzoni, na ofisi ya ajira ya taifa inalipa asilimia 60 ya mshahara halisi aliopoteza, au 67 kama ana mtoto, ilimradi mwajiri agharimie kozi na amhifadhi kazini. Kiwanda chake cha ekzosi kinajaribu kuhamia vifaa vya kupoza betri. Huenda kisifanikiwe. Lakini mwezi ukiisha, kodi ya nyumba inalipwa.

Nilimpigia kijana hesabu ya kwetu tukiwa tunarudi. Tanzania Bara mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara. Sehemu yake inakwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Si jambo dogo, na VETA wamefanya mengi nayo, ikiwemo mafunzo ya uanagenzi pacha kwa kushirikiana na chemba ya mafundi ya Hamburg, na urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti bila kuanza darasa la kwanza. Huo mpango wa pili ningewashauri Wajerumani waje wautazame. Wao mtu asiye na karatasi wanamwona kama hana mikono. Lakini gereji ya chini ya mwembe ina mafundi watatu na kijana wa spana. Haimo kwenye SDL. Fundi akienda kozi ya siku tatu, siku hizo hazilipwi na mtu, na mteja wake amehamia gereji ya pili.

"Na bado hujasema habari ya kiwanda," kijana aliniambia. Alikuwa anaandaa mradi wake wa mwisho kuhusu betri za haibridi zilizotumika, zile zinazoingia Dar kwa meli, na alikuwa ametafuta kampuni ya kushirikiana nayo nyumbani. Malori yanaunganishwa Kibaha, hilo alilijua. Lakini magari madogo tunayoendesha karibu yote yalishauzwa mara moja Japani kabla hayajatufikia. Aliyeyatengeneza alimaliza biashara yake na mnunuzi wa kwanza. Hana tawi la mafunzo kwa ajili yetu, hana sababu ya kukaa mezani na chuo cha Mbeya kujadili mtaala. Huku chuo kina kiwanda cha kupigia hodi. Kule chuo kina bandari.

Akaniomba namba ya mwalimu yeyote wa ufundi wa magari ninayemfahamu. Nilimpa ya rafiki yangu anayefundisha Dar. Wakaongea siku ileile, mimi nikisikiliza, kwa Kiswahili kilichojaa inveta, seli na volti hadi nikapotea. Mwalimu alikuwa mchangamfu. Alisema kozi ya kulizima gari kwa usalama anaweza kuiingiza hata muhula ujao, glovu zinapatikana, kipimo kinapatikana, na mafundi wa mtaani watakuja kama itafanyika jioni baada ya kufunga kazi, au Jumapili mchana. Alikuwa na swali moja tu.

"Sasa hilo gari la kufundishia, mdogo wangu, atatupa nani?"

Kijana alisema kuna wakala mmoja wa magari anayemfahamu. Angemjaribu.